Nimeshika

Wacha wamwite watakavyo. Mwenyewe jina la Mama Chenga alishalizoea, na ukimwita kwa lile alilopewa na wazazi anaweza kukupita asigeuke. Jina alilipata kwa kazi yake ya kutengeneza paneli za sola zilizovunjika kioo. Kioo cha sola hakikatiki vipande viwili vitatu kama cha dirisha. Hupasuka chote kwa mpigo mmoja, pembe hii hadi ile, kikawa chengachenga, na chenga zenyewe hubaki palepale zimeng'ang'ania kwa sababu chini yake pana plastiki iliyogandishwa. Watu wakiona hivyo hukata tamaa, wakaifanya paneli mlango wa banda. Mama Chenga alikuwa akipita mtaani akiona mlango wa namna hiyo, anapiga hodi.

Hakufundishwa na mtu. Alianzia kwa mjomba wake aliyekuwa akikata vioo vya madirisha, na mjomba alipofunga duka, mpwa akabaki na kalamu ya kukatia vioo na mikono iliyojaa makovu. Paneli ya kwanza aliyoijaribu aliiua. Ya pili pia. Aliua saba, kwa hesabu yake mwenyewe, na mafundi wenzake wakamcheka mpaka wakachoka. Kuna aliyoibandua chenga moja moja kwa kisu, akazikata na seli za ndani. Kuna aliyoibandikia kioo kipya juu, maji yakapenya katikati, ikawa na ukungu kama kioo cha bafuni. Ya nane ndiyo iliyomfumbua macho: chenga usiziguse. Zisafishe, zikaushe kwa jua la siku mbili mpaka unyevu wote uishe, kisha zimwagie gundi angavu, ile ya makopo mawili unayoichanganya, ikae juu yake kama maji yaliyosimama. Ikiganda, mvua haiingii tena na jua linapita. Haiwi mpya, na hilo Mama Chenga alimwambia mteja kabla hajaulizwa. Lakini taa zinawaka.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kwenye mstari wa mafundi, kati ya mchomeleaji na fundi cherehani. Ndani mlikuwa na meza moja ndefu, aliyoinyoosha kwa pima maji mpaka ukiweka gololi juu yake haiendi popote, maana gundi ikimwagwa kwenye meza iliyoinama inahamia upande mmoja na kazi imeharibika. Mezani alikuwa ni yeye. Juu ya mapaa alikuwa ni Twiga.

Twiga huyo alikuwa mtu mrefu kupita kiasi, mpole, na mbishi wa mambo madogo madogo. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Mwaka wa kwanza ngazi ilimteleza, akaanguka na kuvunjika kiwiko, na tangu hapo wakawekeana utaratibu wao. Twiga anaweka mguu mmoja kwenye ngazi, anauliza, "Umeshika?" Mama Chenga anajibu, "Nimeshika." Bila neno hilo mguu wa pili hautoki chini, hata kama mwenye nyumba amesimama hapo anatazama saa. Kuna wiki moja walinuniana kwa ajili ya kopo la rangi, wasisemezane lolote, na neno lililopita kati yao siku zote saba lilikuwa hilo tu.

Sasa paneli ya mama yake. Hiyo haikuwa ya chenga. Ilikuwa mpya, ndani ya boksi lake, aliyojipatia baada ya kutengeneza paneli za shule nzima likizo moja. Mama mzazi alikuwa akiishi na mziwanda wake, mdogo wa kiume wa Mama Chenga, kwenye nyumba yenye mlango wa buluu, na usiku wote walitegemea kibatari. Mama Chenga na Twiga walikwenda wakaifunga paneli siku moja, bolti nne, nyaya zimelazwa vizuri. Kabla hajaziba kile kisanduku cha nyaya kilicho mgongoni mwa paneli, Mama Chenga alichukua kalamu isiyofutika akaandika ndani ya kifuniko: YA MAMA. HAIUZWI, HAIAZIMWI. Kisha akapaka silikoni ya kuzuia maji ukingoni na kuisawazisha kwa kidole gumba.

"Sasa nani atasoma humo ndani?" Twiga alicheka. "Mijusi?"

"Nimeandika kwa raha zangu," Mama Chenga alimjibu. "Panda, bwana."

Haukupita mwaka, asubuhi moja simu ikalia. Mama analia. "Wamenichukulia taa yangu, mwanangu. Nimeamka sina taa." Mama Chenga aliacha kila kitu akakimbilia huko. Akapanda mwenyewe kutazama. Bati halikutoboka wala kukunjwa. Bolti zilifunguliwa kwa spana, si kwa nyundo, na ncha za nyaya zilikuwa zimefungwa utepe ili zisigusane. Hiyo haikuwa kazi ya kibaka. Ilikuwa kazi ya mtu anayejua. Na kule karakana spana yake namba kumi, yenye utepe mwekundu shingoni, ilikuwa haionekani tangu wiki iliyopita. Akamuuliza mama yake kama aliona chochote.

"Niliona mtu kupitia dirishani," mama alisema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Sikumwona uso. Mrefu. Mtu mrefu kwelikweli."

Mama Chenga alimjua mtu mrefu mmoja tu. Alirudi mstarini saa ambayo watu wamejaa, akachukua mfuko wa Twiga wa vifaa akautupa barabarani, bisibisi zikatawanyika mpaka mlangoni kwa mchomeleaji. Akamwita mwizi. Mwizi wa taa ya bibi kizee! Akamwambia asikanyage tena pale. Twiga alisimama ameduwaa, mikono imening'inia.

"Dada," alisema, "niulize basi."

"Nikuulize nini? Nimeshajua!"

Watu nao wakadakia. Fundi cherehani ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, akasema mtu wa namna hiyo hata kofia yako huwezi kumwachia. Twiga akaokota bisibisi zake moja moja, akaondoka. Na fikiria mwenyewe: nani atamruhusu mwizi wa mapaa apande juu ya paa lake? Mwezi mmoja tu jina lake likawa limeenea mitaa yote, kazi zikakauka. Baadaye wakasikia anachimba mashimo ya vyoo, ng'ambo ya kijito.

Wiki iliyofuata Mama Chenga alimpelekea mama yake paneli nyingine, ya chenga hii, aliyoitengeneza vizuri. Aliifunga mwenyewe. Mdogo wake ndiye aliyemshikia ngazi siku hiyo, huku akiwalaani wezi wote wa dunia kwa sauti. Alikuwa mchangamfu siku hizo, yule mdogo. Alikuwa amepata spika mbili kubwa na mashine ya muziki, eti amepewa na bosi mmoja aliyehama mji, na ameanza kuitwa kwenye sherehe. Dada mtu alifurahi. Alikwenda hata kumtazama akiongoza shughuli ya watu, akacheza mbele ya spika zile mpaka viatu vikamuuma.

Miaka mitatu ikapita hivyo.

Kisha Jumatatu moja akaja mfuga kuku, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya barabara, amebeba paneli kichwani iliyofungwa kwa shuka. Alipoifunua, chenga tupu.

"Fundi, nisitiri," alisema. "Na usinicheke."

"Imekuwaje?"

"Mwewe! Mwewe amenimalizia vifaranga, nikasema leo ni leo. Nikaokota jiwe, nikalirusha kwa nguvu zangu zote. Mwewe nikamkosa. Yuko palepale kwenye nguzo ananiangalia, mimi naangalia sola yangu. Kisha akachukua kifaranga kimoja akaenda zake."

Mama Chenga alicheka mpaka akaegemea meza. Mfuga kuku naye akacheka, ingawa vifaranga vyake vya wiki moja vilikuwa vinalala bila taa ya joto. Wakakubaliana arudi baada ya siku nne.

Alipoondoka, Mama Chenga aliipiga paneli brashi, akaipuliza, akaianika juani. Siku ya pili akaipima kwa mita. Volti zilikuwepo kama kawaida, na fundi mchanga angeridhika hapo. Lakini volti zinadanganya. Paneli inaweza kukuonyesha volti zote ilhali haina nguvu ya kuwasha kitu, ndiyo maana yeye hakuiamini mpaka apime na ampea. Ampea zilikuwa nusu. Akasema labda kuna daiodi, kipande kidogo cha kuelekeza umeme, imekufa kwenye kisanduku cha mgongoni. Akaigeuza juu ya blanketi, akachukua kisu ili aikate silikoni.

Silikoni ile alikuwa anaijua. Ilikuwa imesawazishwa kwa kidole gumba, na kidole chenyewe kilikuwa na kovu, maana kiliacha mchirizi katikati, urefu wote. Alikitazama kidole gumba chake. Akatazama tena. Akakata, akabandua kifuniko, akakigeuza.

YA MAMA. HAIUZWI, HAIAZIMWI.

Alikaa kwenye kigoda. Na tusimpambe: jambo la kwanza lililomjia halikuwa huzuni. Ilikuwa ni furaha mbaya, ile ya mtu anayeona sasa atathibitishwa. Kumbe Twiga aliiuza hapahapa, kwa mfuga kuku! Sasa kuna shahidi. Miaka mitatu kuna usiku alikuwa akijiuliza, kidogo tu, kama hakufanya haraka, na sasa angepata kulala. Hakungoja siku nne. Alimpigia simu mfuga kuku aje, na mfuga kuku akaja akihema, akidhani paneli imekufa kabisa.

"Haijafa," Mama Chenga alimwambia. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Aliyekupa hii paneli alikuwa mtu mrefu?"

"Mrefu? Wapi! Kafupi kama hicho kigoda chako. Mcheshi huyo, maneno hayamwishi."

Mama Chenga akakitazama kigoda.

"Wala hakuniuzia," mfuga kuku aliendelea, maana ukimfungulia huyo mama hafungiki. "Tulibadilishana. Marehemu mume wangu alikuwa na spika zake mbili za sherehe na mashine ya muziki, zinanijazia chumba tu. Yule kijana akazitamani. Nikamwambia mimi nataka sola. Akasema anayo, ya kwao, hawaihitaji. Nikaenda nikaione kwanza, mimi sinunui kitu kwenye gunia."

"Ukaenda wapi?"

"Kwao. Nyumba ina mlango wa buluu, ngazi ya mlangoni imemeguka. Nilimkuta yuko juu anafungua, ana spana moja mkononi, ina utepe mwekundu hapa shingoni. Tena mama yake mwenyewe alikuwepo, kwa hiyo nikajua si mali ya wizi. Mama yake ndiye aliyemshikia ngazi."

"Alimshikia ngazi," Mama Chenga alirudia.

"Kwa mikono miwili, bibi wa watu! Kijana akisitasita huko juu, mama anamwambia, 'Nimeshika, mwanangu. Shuka taratibu, nimeshika.'"

Neno hilo mama yake alilitoa wapi kama si kwake yeye na Twiga? Alilisikia siku paneli inafungwa, amekaa kwenye mkeka wake anawatazama, akawasifu kwamba kazi yao ina adabu. Mama Chenga alihisi kama amepigwa kofi na mtu aliyekuwa amemwinamia ambusu. Akamwambia mfuga kuku ameshukuru, kazi itakuwa tayari siku ileile waliyopatana. Kisha akafunga kibanda, akaweka kile kifuniko kwenye mkoba, akaenda kwa mama yake.

Alimkuta anachambua mbegu za maboga kwenye ungo. Mdogo mtu alikuwa ametoka na spika zake. Mama Chenga hakuzunguka. Alikiweka kifuniko juu ya mbegu.

Mama alikitazama muda mrefu. Hakuuliza ni nini.

"Kimetoka wapi?" alisema mwishowe.

"Kimekuja chenyewe. Mama, uliniambia umeona mtu mrefu."

"Nilisema hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mdogo wako mfupi," mama alijibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anaeleza kwa nini amefunga mlango. "Ningesema mtu mfupi ungemfikiria yeye. Nikasema mrefu. Sikuwa na mtu kichwani. Twiga sikumtaja mimi, mwanangu. Ulimtaja wewe."

Hilo lilimwingia Mama Chenga mahali ambapo hakuwa amejikinga. Alikuja akiwa na hasira iliyojaa pomoni, na mama yake akamtoboa kwa maneno mawili.

"Na uliposikia nimemfukuza?"

"Nilisikia baada ya wiki mbili. Nikasema yameshapita."

"Yameshapita! Mtu amekosa kazi mji mzima! Anachimba vyoo!"

"Nilisikitika. Lakini yule ni mtu baki. Huyu ni mtoto wangu, na hakuwa na chochote mkononi. Wewe una mikono yako, Mungu alikupa. Nilijua utaniletea nyingine." Akainua macho. "Ukaleta."

"Ulinililia kwenye simu, mama."

"Nililia kweli. Niliogopa utajua."

Mama Chenga akageuka kuutazama mlango. Miaka yote hii mama yake na mdogo wake walikuwa wakimtazama akiingia mlango ule wa buluu na mfuko wa sukari mkononi, na kila alipowalaani wezi walimwitikia. Walimzunguka. Walimchezea shere, damu yake mwenyewe, tena kwa spana yake mwenyewe. Aliuma ulimi, akachukua kifuniko akakifuta vumbi la mbegu.

"Usiyatoe nje," mama alisema, na sasa ndipo sauti ilipomtetemeka. "Nakuomba. Mdogo wako ndiyo kwanza anaanza kuheshimiwa na watu. Haya ni ya ndani, tuyamalize ndani."

"Ya Twiga niliyatolea wapi, mama? Ndani?"

Mama Chenga alipofika mlangoni alimsikia nyuma yake akisema, "Hunywi hata chai?" Aliendelea kutembea.

Kesho yake alikuwa na paneli ya kumaliza, na afadhali alikuwa nayo. Alibadilisha daiodi, akaweka kifuniko kingine kwenye kisanduku. Akaipima meza upya kwa pima maji. Akachanganya makopo mawili ya gundi polepole ili isiingie povu, akamwaga kuanzia katikati, akaisukuma pembeni kwa kipande cha plastiki, chenga zikaanza kunywa na kung'aa. Vipovu vilivyojitokeza alivipitishia moto mdogo kwa mbali, vikapasuka. Kulia alikuwa hajalia bado. Alipohisi kunakuja alirudi hatua tatu nyuma akalilia kule kwenye kona ya mabati, kwa sababu gundi mbichi na maji haviivani, na ile ilikuwa kazi ya mtu. Kisha akaifunika paneli kwa boksi, vumbi lisiingie.

Mfuga kuku alipoijia na kupewa habari nzima, alishika kichwa. "Sasa nitaichukuaje mali ya mama yako?"

"Ichukue. Ulitoa spika zako kihalali. Na mwewe muache."

Mchana wa siku hiyo, saa ileile ambayo mstari unajaa, Mama Chenga alitoka nje ya kibanda akasimama palepale aliposimama siku ile. Aliita watu. Mchomeleaji akazima mashine. Akawaambia: paneli ya mama yangu haikuibwa na Twiga. Ilifunguliwa na mdogo wangu, tumbo moja, na mama yangu mzazi alishika ngazi. Twiga nilimpaka matope bure, nikamharibia jina, na wote mlionisikia siku ile nataka mnisikie na leo, mkawaambie mliowaambia. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Kumtaja mama yako hivyo mbele ya watu si mchezo, na kila mtu pale alikuwa na mama.

Fundi cherehani ndiye aliyefungua kinywa kwanza. "Mimi nilisema tangu mwanzo," alisema, akitikisa kichwa kwa masikitiko. "Yule bwana hana tabia hiyo."

Muongo mkubwa! Lakini Mama Chenga hakuwa na nguvu ya kumgeukia.

Alivuka kijito jioni jua likiwa bado juu, akauliza nyumba hadi nyumba, mpaka akaonyeshwa uwanja wenye kichuguu cha udongo mbichi. Shimo lilikuwa katikati, ngazi ya mbao imeingizwa ndani, na kamba ya ndoo imefungwa kwenye mti uliolazwa juu. Kutoka chini ilisikika sauti ya koleo. Akachungulia. Mtu aliyekuwa akigusa mapaa bila kujinyoosha alikuwa chini kabisa, mgongo umelowa, kichwa chake hakifiki hata nusu ya shimo.

"Twiga."

"Nani?"

"Mimi."

Koleo likasimama. Hakuinua uso. Mama Chenga alitoa kifuniko kwenye mkoba, akakiweka kwenye ndoo tupu, akaishusha kwa kamba. Alimwona akijifuta vidole kwenye suruali kabla ya kukigusa.

"Mwandiko wako," Twiga alisema.

"Alikuwa ni mama. Mama na mdogo wangu. Sikujua, Twiga. Nimejua juzi."

"Kwamba si mimi, hilo nililijua tangu siku ile."

"Nimewaambia watu wote wa mstari. Nimewataja wote wawili."

Twiga akakigeuza kifuniko. "Fundi cherehani alisemaje?"

"Eti yeye alijua tangu mwanzo."

Kutoka chini kikatoka kicheko kifupi, kilekile cha zamani. Mama Chenga akapiga magoti ukingoni.

"Rudi kazini. Nimekukosea sana, sijui hata nianzie wapi. Meza ipo, mfuko nitakununulia mwingine. Rudi, Twiga."

Sasa ndipo alipoinua uso. Alikuwa amezeeka. Mchanga ulikuwa umemganda kwenye nyusi.

"Dada, miaka kumi na moja nilikuuliza kila siku kama umeshika," alisema. Hakuwa akigomba. "Ukisema umeshika, mimi napanda. Sijawahi kutazama chini kuhakikisha, hata siku moja. Mimi nilikuomba uniulize swali moja tu. Mbele ya watu wote wale nilikuomba."

"Nakuuliza sasa."

"Sasa unalijua jibu."

Mama Chenga alikuwa ameuzwa na mama yake, ndiyo, na mdogo wake pia, na machungu yale alikuwa ameyabeba siku mbili nzima kama mtu aliyedhulumiwa peke yake. Huyu aliye shimoni hakuwa na la kumlaumu mama wala mdogo. Yeye alikuwa ameuzwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amepiga magoti pale juu.

Twiga alikirudisha kifuniko kwenye ndoo, akaegemeza koleo ukutani mwa shimo. Kazi ya siku ilikuwa imekwisha. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, na ngazi ikayumba, kwa sababu udongo wa huko juu ulikuwa umelegea. Mama Chenga aliidaka kwa mikono miwili bila kufikiri.

"Nimeshika," alisema.

Hakuwa ameulizwa. Mguu wa pili wa Twiga ulibaki chini. Alisubiri, na Mama Chenga naye akasubiri, vidole vimekaza kwenye mbao.

"Iachie, dada."

"Udongo huu umelegea, Twiga, utaanguka."

"Iachie kwanza. Ndipo nitapanda."

Akaiachia. Akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akainua mikono ili mtu aliye chini aweze kuiona. Twiga alitazama juu mpaka akahakikisha. Kisha akapanda, ngazi ikiyumba kulia na kushoto, na kabla ya kila hatua alitazama chini mguu unapokanyaga.